Nauli ya Kurudi

Rejista ni daftari kubwa la jalada gumu la buluu, lenye doa la maji kwenye pembe moja. Safu zake zimechorwa kwa rula na kalamu, kwa sababu fomu zilizochapishwa ziliisha mwaka wa kwanza wa mradi na hazikuletwa tena. Jina la mtoto, umri, nyumba, tatizo, dawa aliyopewa, tarehe ya kurudi kumwona. Safu ya mwisho imeandikwa "Amerudiwa?" na chini yake zimepangana alama za vema, ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye ukurasa wa 61 vema zinaishia katikati. Majina 7 ya mwisho yana tarehe ya kurudi, hayana vema.

Sababu ninaijua, maana bajeti niliiandika mimi.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mhasibu wa asasi ndogo ya afya ya jamii. Ndogo kweli: ofisini tulikuwa watu 6, na nje walikuwapo wahudumu wa afya ya jamii 42 waliokuwa wakitembelea kaya. Siku moja nilimfuata mwenye rejista ile. Sitamtaja jina, sote tulimwita mama, kwa umri wake na kwa heshima. Safari yangu ilikuwa ya kihasibu. Risiti zake za nauli zilikuwa karibu mara mbili ya za wenzake, nami nilikuwa nimeagizwa nijue kwa nini. Nilimwuliza kwa adabu, nikitegemea angeudhika. Hakuudhika.

"Twende, mwanangu," akasema, "ukaone zinakokwenda."

Katika nyumba ya nne siku ile tulimkuta mtoto wa miezi 14 mwenye kikohozi cha siku mbili. Mama yake alikuwa binti mdogo, amechoka, macho mekundu kwa kukesha.

"Ni mafua tu, mama, si ndiyo?"

"Huenda. Hebu mpakate, umfungue kifua, tumwache atulie. Akilia hesabu inaharibika."

Tukakaa kimya. Mimi nilisimama mlangoni na jirani mmoja, hatuthubutu hata kukohoa. Mtoto alipoanza kusinzia, mama yetu alibonyeza kisaa chake cha kuhesabia pumzi, akainama, akawa anaangalia tumbo dogo likipanda na kushuka. Dakika nzima, midomo ikicheza bila sauti. Akaandika 54. Akasubiri kidogo, akahesabu tena: 52. Kwa mtoto mwenye kikohozi aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajafika mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Kwa mwenye miezi 2 hadi 11, kikomo ni 50. Akaangalia kama kifua kinabonyea kwa chini mtoto anapovuta hewa. Hakikubonyea. Akauliza kama amepata degedege, kama anatapika kila anachopewa. "Mpe titi nione." Mtoto akanyonya, kwa uvivu lakini akanyonya. Angekataa, tungekuwa tunaandika rufaa muda ule ule na kutafuta usafiri wa kituo cha afya.

Kisha akavunja kidonge cha amoksilini ndani ya kijiko chenye maji, kikayeyuka, akamkabidhi binti kijiko. Hakumnywesha mtoto yeye. Alitaka kuona mama mwenyewe anavyofanya, kwa sababu dozi zote zilizobaki, mara mbili kwa siku kwa siku 5, zingekuwa mikononi mwa binti yule peke yake. Akamwambia arudie kusema dalili za hatari. Binti akazitaja tatu, akasahau moja, wakaanza upya.

"Siku ya tatu narudi," akasema tulipokuwa tunaaga. "Akizidiwa usinisubiri, mpeleke kituoni hata usiku."

Niliondoka pale nikiwa na jibu la risiti zake. Kila mtoto mgonjwa katika rejista ile alikuwa na nauli mbili, ya kwenda na ya kurudi kumwona. Wenzake wengi walikuwa na moja. Hawakuwa wazembe, bajeti yetu iliwapa ya moja, naye alikuwa ameng'ang'ania ya pili kwa msimamizi wake mpaka akapewa. Ripoti tuliyokuwa tukiwapelekea wafadhili kila robo mwaka ilikuwa na safu ya "watoto waliofikiwa". Haikuwa na safu ya waliorudiwa.

Tangu siku ile, nikisikia watu wakizungumzia kufikisha huduma za afya kwa wananchi, swali langu la kwanza ni hilo: nani analipa nauli ya kurudi?

Tumezoea kupima upatikanaji wa huduma kwa kilomita. Kituo kiko umbali gani, kuna barabara, kuna gari la wagonjwa. Umbali unaua, sibishani. Ila mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipochunguza kwa nini wanawake hufa kwa matatizo ya uzazi, waliona ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Barabara inatibu ule wa pili tu. Ule wa kwanza unatokea ndani ya nyumba, usiku, wakati mtu anajiuliza kama hali imefikia kiwango cha kusumbua watu, kama atakaripiwa, kama zile fedha zilizopo ziende huko. Binti yule alikuwa ameshaamua kwamba ni mafua. Aliyembadilisha mawazo ni mtu anayemfahamu, aliyeingia ndani na kuhesabu mbele yake.

Na kuna jambo ambalo daktari Julian Tudor Hart, aliyetibu familia za wachimba makaa huko Wales, aliliandika mwaka 1971 na halijazeeka: huduma nzuri ya tiba huelekea kupatikana kinyume na mahitaji. Wenye kuihitaji zaidi ndio huipata kidogo, na hali hiyo huwa mbaya zaidi pale tiba inapoachwa mikononi mwa soko. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 4.5, zaidi ya nusu ya binadamu wote, hawakuwa wamefikiwa kikamilifu na huduma muhimu za afya mwaka 2021. Takwimu kubwa kama hiyo haishikiki. Mimi huwa naigeuza kuwa nyumba: kila nyumba mbili unazopita, moja ina mtu ambaye akiugua leo atalazimika kubahatisha.

Wazo la kuwapeleka wahudumu majumbani si jipya, na halikuzaliwa katika ofisi za wafadhili. Miaka ya 1940, huko Pholela, Afrika Kusini, madaktari Sidney na Emily Kark walijenga kituo cha afya ambacho wahudumu wake walikwenda nyumba kwa nyumba, wakihesabu watu, wakiuliza wanakula nini na wanachota maji wapi, kisha wakirudi kuona kilichobadilika. Kijana wa Kimarekani aliyekuwa akisomea udaktari, Jack Geiger, alikwenda kujifunza kwao mwaka 1957. Aliporudi kwao akawa miongoni mwa walioanzisha vituo vya kwanza vya afya vya jamii nchini Marekani, kimoja Boston na kingine Mound Bayou, Mississippi, kwa fedha zilizoidhinishwa mwaka 1965. Kule Mississippi madaktari waliwaandikia watoto wenye utapiamlo cheti cha chakula, na bili ikalipwa kutoka fungu la dawa la kituo. Wakubwa walipolalamika, Geiger aliwajibu kwamba kwa jinsi anavyojua yeye, tiba ya utapiamlo ni chakula. Nalipenda jibu hilo kwa sababu ni jibu la mtu aliyeingia ndani ya nyumba. Vituo vya aina ile leo vinahudumia zaidi ya watu milioni 30 nchini humo, na sheria inataka wengi wa wajumbe wa bodi ya kila kituo wawe wagonjwa wanaotibiwa hapo hapo. Wajumbe wetu walikuwa watu wema sana, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumsubiri mhudumu wetu mlangoni na mtoto anayehema.

Baadaye ukaja mkutano wa kimataifa wa afya huko Alma-Ata, katika Kazakhstan ya leo, Septemba 1978. Wajumbe wa nchi 134 walikubaliana kwamba afya ni haki, na kwamba huduma ya msingi iliyo karibu na watu ndiyo njia ya kuifikia. Mwaka mmoja haukupita vizuri kabla sauti nyingine haijasikika ikisema mpango huo ni mpana mno na ghali mno, tuchague magonjwa machache tu. Watoto wengi waliokolewa kwa chanjo na kwa maji ya chumvi na sukari katika miaka iliyofuata, na hilo lazima lisemwe. Lakini tabia ya kununua kitu kimoja kinachohesabika, na kuacha kile kinachokifikisha kitu hicho nyumbani, ilikita mizizi wakati ule. Ndani ya asasi yetu niliiona kila nilipofungua jedwali la bajeti. Vipimo vilikuwa na fungu. Vidonge vilikuwa na fungu. Mtu wa kuvibeba aliandikwa "mtu wa kujitolea".

Hapa ndipo napata taabu zaidi, kwa hiyo nikae hapa kidogo.

Kujitolea ni jambo jema, na mimi nimelelewa na watu waliojitolea. Lakini kumtaka mtu atembelee kaya 100, ajaze rejista, atunze dawa, ajibu simu usiku, ahudhurie mafunzo, aandike ripoti ya mwezi, kisha umwambie kwamba malipo yake ni heshima ya jamii, hilo lina jina lingine. Na anayeambiwa hivyo mara nyingi ni mwanamke. Mwenye cheo cha kuniajiri mimi hakuwahi kuniomba nifanye uhasibu kwa heshima ya jamii.

China ilifundisha somo hili kwa ukubwa wa kutisha. Madaktari wa miguu peku, kama walivyokuja kuitwa mwaka 1968, walikuwa wakulima waliopewa mafunzo mafupi na kurudishwa vijijini kwao. Kufikia miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Walilipwa kwa pointi za kazi, kama wenzao waliokuwa shambani, kutoka katika mfuko wa pamoja wa kijiji. Mashamba ya pamoja yalipovunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mfuko ule ukavunjika nao, na huduma ikaporomoka katika sehemu kubwa ya nchi. Wale watu hawakusahau kupima wagonjwa. Ujuzi ulibaki, aliyekuwa akiulipia ndiye aliyeondoka.

Brazil ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1987 jimbo la Ceará lilikumbwa na ukame, na serikali ya jimbo ikawaajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake, watembelee kaya na kufundisha mambo ya afya. Ukame ulikwisha, kazi ikabaki. Mwaka 1991 ikawa mpango wa taifa zima, na mwaka 1994 wahudumu wakaanza kuunganishwa na daktari na muuguzi katika timu moja ya afya ya familia. Leo wako zaidi ya 200,000, na mwaka 2022 katiba ya nchi ilirekebishwa ili mshahara wao usishuke chini ya kima cha chini mara mbili. Ndani ya katiba! Ethiopia nayo, ilipoanza mpango wake mwaka 2003, iliamua tangu mwanzo kwamba wahudumu wale wapewe mafunzo ya mwaka mzima na wawe waajiriwa wa serikali wenye mshahara. Wakafika zaidi ya 30,000. Ziko nchi tajiri kuliko Ethiopia zinazosema hazina uwezo.

India ina wahudumu wapatao milioni moja, wote wanawake, wanaoitwa ASHA. Mwezi Mei 2022 Shirika la Afya Duniani liliwapa tuzo kwa kazi yao, na walistahili kila herufi ya cheti kile. Lakini bado wanahesabiwa kuwa watu wa kujitolea, wanalipwa kwa kazi moja moja, na wamekuwa wakiandamana mwaka hadi mwaka wakidai mshahara wa kueleweka. Shirika hilo hilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, lilishauri wazi wahudumu wa afya ya jamii walipwe kulingana na kazi wanayofanya, wapewe mkataba wa maandishi, na malipo yasitegemee tu matokeo yanayohesabika. Mwongozo ule niliusoma nikiwa ofisini, nikauweka kwenye faili, nikaendelea na jedwali langu.

Sasa niseme juu ya asasi zenyewe, maana nisingependa msomaji adhani ninazikatia tamaa. Ninaamini kuna mambo ambayo asasi isiyo ya faida hufanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Inaweza kujaribu kitu kidogo, ikakosea, ikarekebisha, bila kungoja waraka kutoka juu. Inaweza kuwafuata watu ambao hawamo kwenye orodha ya mtu yeyote. Na zile zilizofanya hivyo vizuri, ukizichunguza, zote zililipia kurudi.

Tazama BRAC ya Bangladesh. Kati ya mwaka 1980 na 1990 wafanyakazi wake walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwafundisha akina mama zaidi ya milioni 12 kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayeharisha: chumvi ya kuchotwa kwa ncha za vidole, sukari ya kiganja, maji kiasi maalumu. Sehemu inayonivutia ni malipo. Msimamizi alirudi baadaye kwenye baadhi ya nyumba, zilizochaguliwa bila mpangilio, akamwuliza mama anakumbuka nini na kumwomba atengeneze yale maji mbele yake. Mshahara wa mwalimu ulitegemea kile mama alichokumbuka. Kuna hatari katika kulipa hivyo, na ushauri wa 2018 unaieleza. Lakini fikiria maana yake kwa upande wa asasi: fedha za kurudi zilitengwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu bila kurudi wasingejua hata wamlipe nani kiasi gani.

Au nenda Gadchiroli, India, ambako madaktari Abhay na Rani Bang walifundisha wanawake wa vijijini kuwatunza watoto wachanga nyumbani. Katika vijiji 39 mhudumu alimtembelea mama mara kadhaa ndani ya siku 28 za kwanza, akimpima mtoto uzito na joto, akitafuta dalili za maambukizi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa asilimia 62 vikilinganishwa na vijiji ambavyo havikuwa na huduma hiyo. Mwanamke mmoja, mizani ya mkononi, begi, na safari za kurudi rudi.

Kule Cange, Haiti, shirika la Partners In Health liliwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu katika makundi mawili ya watu 30. Wote walipata dawa bure. Kundi moja likaongezewa kutembelewa nyumbani na mhudumu wa kijiji, lishe, na fedha kidogo za kujikimu na kusafiri kliniki. Katika kundi hilo walipona wote. Katika kundi la dawa tupu waliopona walikuwa kama nusu tu. Kabla ya hapo wengi, hata waganga wenyewe, walisema wagonjwa maskini ni wakaidi, hawamalizi dozi. Shirika lile liliwaita wahudumu wake wasindikizaji, na sijapata neno zuri zaidi la kazi hii. Kumsindikiza mtu hakuishii mlangoni.

Mifano yote hiyo ina kitu ambacho kwenye jedwali langu kiliitwa gharama za uendeshaji. Nauli, muda wa simu, msimamizi, betri za kisaa, mwavuli, dawa zinazofika kabla ya zilizopo kuisha. Hili la dawa nalipita haraka ila lisisahaulike: mhudumu akifika mara mbili na begi tupu, mara ya tatu mlango haufunguliwi. Wafadhili wengi huweka kikomo cha gharama hizo, na nadhani wanafanya hivyo kwa nia njema. Wanataka fedha ziwafikie watu. Wasichokiona ni kwamba katika kazi hii watu hufikiwa na mtu mwingine aliyepanda gari, na nauli ya gari ile ndiyo huduma yenyewe.

Ruzuku yetu ya kwanza ilipokwisha, tukaandika andiko la mradi kwa mfadhili mwingine. Kikomo kilikuwa kidogo. Meneja wangu akanitazama, mimi nikatazama jedwali. Mishahara ya ofisini sikuigusa, wala kodi ya pango. Nikashuka mpaka kwenye mstari wa nauli za wahudumu, nikaona pale nilipokuwa nimeweka "x 2", nikaandika "x 1". Andiko likapita. Tulishangilia, mimi nikiwemo. Hakuna aliyenilazimisha kuchagua mstari ule, na hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali. Ningeweza kumwandikia mfadhili kwamba kazi hii kwa fedha hii haifanyiki. Nilijua idadi ya pumzi za mtoto yule, na bado niliandika "x 1".

Mama yetu aliendelea kurudi kwa fedha zake kwa miezi mitatu na siku kadhaa. Halafu ukurasa wa 61.

Tulikuja kupata pigo kubwa zaidi baadaye, kama wengine wengi. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limekoma kuendesha miradi. Sisi hatukuwa tukipokea fedha zao moja kwa moja. Waliokuwa wakizipokea ni wale waliokuwa wakituletea vipimo. Katika wiki chache nikaona asasi zenye miaka mingi ya kazi zikifunga milango, na wahudumu wakirudisha mabegi yaliyobaki na dawa nusu. Wapo waliosema afadhali, watu wajifunze kujitegemea. Siwezi kuungana nao. Ni kweli kwamba kazi ya kudumu inahitaji mlipaji wa kudumu, na mlipaji huyo ni serikali ya wananchi wenyewe, kwa kodi yao, kama Brazil ilivyofanya. Lakini kukabidhi mzigo ni kazi ya miaka, kwa mpango, anayepokea akiwa ameshaunyanyua kabla wewe hujauachia. Mtoto mwenye nimonia hawezi kungoja watu wazima wakijifunza.

Kwa hiyo, ikiwa wewe ni mtu wa kuchangia, mkubwa au mdogo, nakuomba usiulize asasi ni asilimia ngapi ya fedha zako inakwenda ofisini. Uliza wahudumu wao wanalipwa kiasi gani, na kama wana mkataba. Uliza nani huwasimamia na huwatembelea mara ngapi. Ukiweza, toa bila kufunga fedha kwenye mstari mmoja, na toa kwa miaka mitatu badala ya mwaka mmoja, kwa sababu mwaka mmoja huisha wakati mhudumu ndiyo kwanza ameanza kufunguliwa mlango. Na uliza wameshazungumza na mamlaka ya afya ya eneo lao kuhusu nani atalipa mradi ukiisha. Asasi ikikasirishwa na maswali hayo, umeshapata jibu.

Na kama wewe ni mhasibu kama mimi, andika gharama halisi. Mfadhili akikataa, akatae akiwa anajua anakataa nini. Weka safu ya waliorudiwa kwenye ripoti hata kama fomu yao haina safu hiyo, ibandike pembeni. Nilifanya hivyo kwa mara ya kwanza nikiwa na hofu ya kufukuzwa. Mfadhili alipiga simu, nikadhani ndiyo hiyo. Alitaka kujua kwa nini namba ile ilikuwa ndogo hivyo. Tulizungumza karibu saa nzima, na katika andiko lililofuata nauli ya pili ilirudi, ikiwa na jina lake, juu kabisa ya jedwali. Mwaka uliofuata mamlaka ya afya ikakubali kuwaingiza wahudumu 15 kati ya 42 kwenye orodha yake ya malipo. Waliobaki 27 tunawahangaikia bado.

Miaka miwili ilikuwa imepita nilipompelekea mama yetu rejista mpya. Nilikuwa nimeichapisha vizuri, safu zote, hakuna kuchora kwa rula. Nilimkuta ameketi nje. Nilimwamkia, akaitikia, akanitafutia kigoda. Nikamweleza habari ya nauli, na kwamba yeye yumo katika wale 15. Halafu nikamwambia habari ya "x 2" na "x 1", na nani aliyeibadilisha, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumwambia.

Alinyamaza muda.

"Nilidhani walisahau," akasema.

"Hawakusahau, mama. Ni mimi."

Akaingia ndani, akatoka na lile daftari la buluu. Akalifungua ukurasa wa 61, akaliweka juu ya goti, na rejista mpya akaiweka juu ya goti la pili. Akaniomba kalamu. Akaanza kunakili majina yale 7, moja moja, na umri wao akauongeza miaka miwili miwili. Kwenye safu ya tarehe ya kurudi aliandika kesho.